Vichwa Vitatu Juu ya Shina Moja: Umbo la Protini Zinazoshika Sukari

Kila seli ya mnyama imefunikwa kwa sukari. Sisemi sukari ile inayotiwa magunia katika kiwanda cha TPC, huku kusini mwa Moshi kwenye mashamba ya miwa, ingawa kikemia ni za ukoo mmoja. Nasema minyororo mifupi ya manosi, galaktosi, fukosi, asidi sialiki na nyinginezo, iliyounganishwa na protini na mafuta ya utando wa seli ikaelekea nje, hata bakteria, virusi au seli nyingine inayosogea karibu hukutana na sukari kabla ya kukutana na kitu kingine. Mwili una protini za kuitambua sukari hiyo, nazo huitwa lektini. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisoma habari za maumbo yake, yaani jinsi atomu zake zilivyopangwa katika urefu, upana na kina, na nimefikia kuamini jambo moja ambalo vitabu vyetu vya sekondari havilisemi: nguvu ya lektini haimo katika kishikio chake, mahali pale panapogusana na sukari, bali imo katika idadi ya vishikio na umbali uliopo kati ya kimoja na kingine.

Ninafundisha kemia na baiolojia kidato cha tano na cha sita hapa mjini. Katika vitabu tunavyotumia, sukari ni glukosi ya kuchomwa, wanga wa kuwekwa akiba na selulosi ya kujengea kuta za mimea. Hayo ni kweli, lakini yanaacha nje kazi yake ya kubeba taarifa, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayosisimua zaidi. Chukua asidi amino tatu tofauti uziunganishe: utapata mipangilio sita, basi. Chukua sukari tatu tofauti zenye kaboni sita, nawe utapata mipangilio inayozidi 1,000, kwa sababu kila sukari ina haidroksili kadhaa (vikundi vya oksijeni na haidrojeni) zinazoweza kuunganishwa na mwenzake, kiungo chenyewe kinaweza kuwa alfa au beta, na mnyororo unaweza kutoa matawi. Maandishi ya aina hiyo yanahitaji msomaji makini. Lakini ukimtazama msomaji mwenyewe kwa karibu, unashangaa jinsi alivyo mlegevu.

Historia nitaipitia haraka, isipokuwa kwa jambo moja. Mwaka 1888 Hermann Stillmark, akiwa chuo kikuu cha Dorpat, mji ambao leo ni Tartu nchini Estonia, alitafiti mbegu za mbarika, mmea huu huu unaojiotea kando ya barabara zetu na kwenye viwanja ambavyo wenyewe hawajaanza kuvijenga. (Wanafunzi wangu huupita kila siku, huwaambia wasithubutu kutafuna mbegu zake, kwa kuwa sumu yake, risini, huua.) Stillmark aliona kwamba protini za mbegu hizo hufanya chembe nyekundu za damu zishikamane katika mafungu. Tafakari maana ya uchunguzi huo. Protini yenye kishikio kimoja tu haiwezi kuunganisha seli mbili. Inaweza kutua juu ya moja tu. Kushikamana kwa damu ndani ya kioo cha Stillmark kulikuwa tayari kunaonyesha kwamba mshikaji ana mikono zaidi ya mmoja, ingawa ilipita zaidi ya nusu karne kabla ya William Boyd kuzipa protini hizo jina la lektini, mwaka 1954, na ilichukua muda mrefu zaidi kabla ya mtu yeyote kuona mikono hiyo.

Lektini za wanyama zilianza kupangwa katika makundi yenye maana mwaka 1988, pale Kurt Drickamer alipolinganisha mifuatano ya asidi amino zake na kutenganisha zile zisizoweza kufanya kazi bila kalsiamu na zile zinazoshika galaktosi pasipo kuihitaji. Kundi la kalsiamu ndilo nitakalokaa nalo zaidi, kwa sababu ndani yake imo protini ninayoipenda kuliko zote: lektini inayoshika manosi, ambayo hutengenezwa na ini, huzunguka katika damu, na ni sehemu ya kinga tunayozaliwa nayo, ile isiyosubiri mwili ujifunze kutengeneza kingamwili.

Mwaka 1991 William Weis, pamoja na wenzake akiwamo Drickamer na Wayne Hendrickson, walitangaza umbo la sehemu inayoshika sukari ya protini hiyo kutoka kwa panya. Njia ilikuwa ya fuwele na eksirei. Protini huachwa ijipange polepole katika fuwele, kisha miale hupitishwa humo na kutawanyika katika madoa mengi. Ukali wa kila doa hupimika, lakini taarifa nyingine muhimu, yaani mawimbi yalikuwa yamefika wapi katika kupanda na kushuka kwake yalipogonga kipokezi, hupotea. Bila taarifa hiyo huwezi kurudi kwenye umbo. Waliirejesha kwa kuondoa kalsiamu ya protini na kuweka mahali pake holmiamu, metali nzito zaidi ambayo mwitikio wake kwa eksirei hubadilika sana kadiri urefu wa wimbi unavyobadilishwa. Napenda sana ustadi huo: mahali pale pale ambapo protini huhitaji metali ili kushika sukari ndipo watafiti walipopatumia ili kuiona protini.

Walichokiona ni kichwa kidogo chenye asidi amino zipatazo 120. Nusu yake imepangwa kwa nidhamu, yaani heliksi mbili, sehemu zilizojisokota kama springi, na kanda za beta, sehemu zilizonyooka na kulazwa sambamba, na ncha mbili za mnyororo zinakutana chini, upande mmoja. Nusu ya juu haina mpangilio wa kawaida. Ni vitanzi virefu vilivyotulizwa na viungo vya salfa na kalsiamu. Ukiwa umezoea vimeng'enya vya vitabuni, ambavyo huchorwa vikiwa na shimo refu ambamo kitu kinachofanyiwa kazi huzama chote, utatafuta shimo hilo hapa usilione. Sukari inakaa juu, ukingoni, karibu kabisa na maji.

Mwaka uliofuata umbo la kichwa hicho kikiwa kimeshika sukari lilipatikana, na ndilo ninalowaonyesha wanafunzi. Lipo katika hifadhi ya Protein Data Bank, iliyoanza mwaka 1971 ikiwa na maumbo saba tu na ambayo leo mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuifungua bila kulipa chochote. Andika 2MSB, na molekuli itazunguka mbele yako hata kwenye simu. Utaona kalsiamu moja ikiwa imegusana moja kwa moja na oksijeni mbili za manosi, ile ya haidroksili ya tatu na ile ya nne. Oksijeni hizo hizo zimeunganishwa kwa vifungo vya haidrojeni na asidi glutamiki na asparajini, na asidi amino hizo nazo zinaishika kalsiamu ile ile. Metali, protini na sukari, kila moja inazishika nyingine mbili. Kupita hapo hakuna mengi: sehemu kubwa ya sukari haiguswi na chochote ila maji.

Kinachoamua sukari ipi ishikwe ni mwelekeo wa zile haidroksili mbili. Katika manosi zote mbili zimelala kuelekea pembeni mwa pete ya atomu sita. Katika galaktosi ile ya nne imesimama wima, kwa hiyo haiwezi kukaa juu ya kalsiamu kwa namna ile ile. Lektini zinazopenda manosi zina asidi glutamiki, prolini na asparajini zikifuatana mahali hapo. Zinazopenda galaktosi zina glutamini, prolini na asidi aspatiki. Mwaka 1992 Drickamer alibadilisha mfuatano wa kwanza kuwa wa pili, na protini iliyokuwa ikishika manosi ikaanza kupendelea galaktosi. Baadaye ilionekana kwamba ili ichague galaktosi kwa nguvu inabidi iongezewe triptofani, asidi amino yenye upande mpana ulio bapa, ambao hulalia uso wa galaktosi usiopenda maji. Mabadiliko ya atomu chache, chaguo likageuka.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha sita, msichana anayetaka kusomea udaktari, aliitazama picha ile kwa muda kisha akauliza: "Mwalimu, glukosi nayo si ina haidroksili ya tatu na ya nne zimelala vivyo hivyo? Mbona basi protini hii haijazwi na sukari ya damu ikakosa nafasi ya kushika bakteria?"

Ni swali ambalo ningependa kila kitabu kianze nalo. Glukosi na manosi hutofautiana kwenye kaboni ya pili, na kishikio hiki hakiitazami kaboni ya pili. Kwa hiyo ndiyo, hushika glukosi pia, ingawa kwa udhaifu zaidi. Na hata manosi yenyewe haishikwi kwa nguvu: kichwa kimoja kikiwa peke yake kinahitaji manosi ya kiasi cha milimoli kwa lita ndipo kijazwe nusu, ilhali damu ya mtu mwenye afya ina takribani milimoli 5 za glukosi kwa lita. Ukipiga hesabu ukiwa na kichwa kimoja, protini hii haifai kitu. Sukari ingegusa na kuondoka, ikagusa tena na kuondoka, mara nyingi katika sekunde moja, na hakuna ambacho kingetambuliwa.

Jibu limo katika sehemu ambazo fuwele ya kwanza haikuwa nazo, kwani kichwa kilikuwa kimekatwa na kutazamwa peke yake. Mwaka 1994 yalitoka maumbo yenye kichwa pamoja na shingo yake, la panya na la binadamu, na la binadamu limehifadhiwa kwa namba 1HUP. Shingo ni heliksi tatu zilizosokotana, kila moja ikiwa imetoka katika mnyororo wake, na juu yake vimekaa vichwa vitatu vinavyotazama upande mmoja. Umbali kutoka kishikio hadi kishikio ni kama nanomita 4.5 kwa binadamu na 5.3 kwa panya. Vichwa havichezi huku na huko. Vimebanwa mahali pake, na umbali huo haubadiliki.

Sasa pima sukari zetu wenyewe. Seli zetu zina baadhi ya minyororo yenye manosi nyingi, lakini matawi ya mnyororo mmoja hayafunguki kufikia nanomita 4.5, kwa hiyo mnyororo mmoja hauwezi kushikwa na vichwa viwili kwa pamoja. Minyororo yetu mingi zaidi inaishia kwa galaktosi na asidi sialiki, ambazo kishikio hiki hakizipokei kabisa. Uso wa hamira, wa kuvu wengine au wa bakteria wengi ni mambo mengine: manosi na sukari zinazofanana nayo zimerudiwa na kurudiwa, zimetandazwa kama mbegu za kishona nguo kwenye suruali ya mtu aliyekatiza shambani baada ya mvua za masika, ambapo kila mbegu inang'oka kwa kidole kimoja lakini zote pamoja zitakula jioni yako nzima. Vichwa vitatu vinatua kwa wakati mmoja. Kimoja kikiachia, viwili vinakizuia kisiende mbali, nacho kinashika tena. Protini haitambui manosi. Inatambua manosi zilizokaa umbali fulani.

Na haishii kwenye tatu. Chini ya shingo kuna shina la kolajeni, mnyororo wa aina ile ile inayojenga kano na ngozi, na mashina kadhaa hujifunga pamoja upande wa chini kisha kutawanyika juu. Katika damu utakuta mafungu ya mashina matatu au manne, na wakati mwingine hadi sita, yaani vichwa 18. Juu ya mashina hayo hukaa vimeng'enya vinavyoitwa MASP. Fungu linapotua barabara juu ya bakteria, vimeng'enya hivyo huamka na kuanza kukata protini nyingine za damu, kazi ambayo mwisho wake ni bakteria kutobolewa au kuwekewa alama ya kumezwa na seli nyeupe.

Ushahidi ulionishawishi zaidi hautoki kwenye fuwele bali kwenye vinasaba vya watu. Kuna mabadiliko matatu ya kurithi yanayojulikana sana katika protini hii, kwenye nafasi ya 52, ya 54 na ya 57 ya mnyororo. Lile la 57 limeenea Afrika kusini mwa Sahara; lile la 54 limeenea zaidi Ulaya na Asia. Ungetarajia mabadiliko yanayodhuru lektini yawe kwenye kishikio. Hayapo huko. Yote matatu yamo ndani ya shina la kolajeni, mbali na sukari. Kolajeni husokotwa kwa minyororo mitatu, na kila asidi amino ya tatu lazima iwe glisini, iliyo ndogo kuliko zote, kwa sababu katikati ya msokoto hakuna nafasi ya kitu kikubwa zaidi. Badiliko la 54 linaweka asidi aspatiki mahali pa glisini, na lile la 57 linaweka asidi glutamiki; msokoto unavurugika, mafungu makubwa hayajengeki vizuri, na kiasi cha protini inayofanya kazi katika damu kinashuka sana. Kichwa ni kizima, kalsiamu ipo, manosi inashikwa kama kawaida. Kilichoharibika ni mpangilio, na mpangilio ukiharibika kazi imeharibika. Niongeze haraka kwamba watu wengi wenye mabadiliko haya wanaishi bila tatizo lolote, kwani kinga ya mwili ina njia nyingi. Hatari huonekana zaidi kwa watoto wadogo na kwa wale ambao kinga yao imedhoofika kwa sababu nyingine.

Makundi mengine ya lektini yamefika pale pale kwa njia zao. Galektini, zile zisizohitaji kalsiamu, zimejengwa kwa kanda mbili za beta zilizolaliana, hazina hata heliksi moja ya kuzungumzia, na galaktosi inalala ndani ya mfereji juu ya triptofani. Galektini ya kwanza ya binadamu hujipanga mbili mbili, vishikio vikiwa kwenye ncha zinazopeana mgongo, kwa hiyo inaweza kuunganisha seli mbili au kukusanya protini za utando mmoja. Siglek, lektini zinazoshika asidi sialiki, hutumia kichwa chenye umbo la kingamwili na arijinini moja inayovutana na chaji hasi ya asidi sialiki. Lektini moja ya mnyama wa baharini wa Japani anayeitwa Tachypleus tridentatus ina umbo la pangaboi yenye mapanga matano, kila panga likiwa na kishikio chake. Umbo hilo lilitangazwa mwaka 1999. Lektini hizi zote hazina undugu wa karibu wa maumbo. Kinachorudi tena na tena ni kwamba kishikio ni chepesi na karibu hakiachwi peke yake.

Nimeacha ini hadi mwisho kwa kuwa huko ndiko vipimo vilikofanywa kwa usahihi wa kutosha kuwa dawa. Katika miaka ya 1960 Gilbert Ashwell na Anatol Morell walikuwa wakifuatilia seruloplasmini, protini inayobeba shaba katika damu. Walipoiondolea asidi sialiki ya mwisho wa minyororo yake na kuidunga kwa sungura, ilitoweka kwenye damu katika dakika chache na kuonekana ndani ya ini. Asidi sialiki ilikuwa imeifunika galaktosi. Ilipofunuliwa, kipokezi kilichopo juu ya seli za ini kiliidaka. Kipokezi hicho ni cha kundi la kalsiamu, kichwa chake kinafanana na kile cha lektini ya manosi, isipokuwa kina ule mfuatano wa galaktosi niliouelezea juu. Kikishadaka mzigo, huzama nao ndani ya seli kwenye kifuko chenye asidi, kalsiamu inaachia, kitanzi kinacholala karibu nayo kinalegea, mzigo unabaki na kipokezi kinarudi juu kikiwa kitupu.

Watafiti walitengeneza minyororo yenye galaktosi moja, mbili na tatu wakapima jinsi kipokezi cha ini kinavyoishika kila mmoja; kadiri kiasi kinachohitajika kinavyopungua, ndivyo nguvu ya kushika ilivyo kubwa. Wenye galaktosi moja ulishikwa katika kiwango cha milimoli. Wenye mbili, katika kiwango cha maikromoli. Wenye tatu, zikiwa zimetengana kwa takribani nanomita 1.5 hadi 2.5, katika kiwango cha nanomoli. Kila galaktosi iliyoongezwa ilizidisha nguvu ya kushika takribani mara elfu, wakati kishikio chenyewe hakikubadilika hata atomu moja. Ukifunga vipimo hivyo kwenye molekuli isiyo na uhusiano wowote na sukari, ini litaimeza pia, na ndivyo ilivyofanyika kwa vipande vifupi vya RNA vinavyozima vinasaba: givosirani iliidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa ugonjwa wa porifiria ya ini, na inklisirani, inayoshusha lehemu, iliidhinishwa Ulaya mwaka 2020. Ukitazama mchoro wa inklisirani utaona nyuzi mbili fupi za RNA zilizolaliana, na kwenye ncha ya mmoja wao atomu moja ya kaboni inayotoa mikono mitatu, kila mmoja ukiishia kwa N-asetilogalaktosamini, sukari ambayo kipokezi hicho huipenda hata kuliko galaktosi. Mikono ni mitatu, na urefu wake unaziruhusu sukari hizo zifikie vishikio vitatu kwa wakati mmoja.